Nimempeleka mama Connecticut: treni ya mvuke, boti, na pembe za ndovu zetu

Mama alikuja kunitembelea mwaka jana akitokea Tabora, na baada ya wiki mbili za kukaa ndani na wajukuu akaniambia, "Mwanangu, mie sikukaa kwenye ndege siku nzima nije kuangalia zulia." Basi nikajua lazima nitafute pa kumpeleka. Sisi tunaishi Springfield, Massachusetts, na wabongo wengi wa huku mgeni akija anapelekwa New York, ila mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua na makelele hayawezi, kwahiyo nikaamua tushuke jimbo la jirani hapo chini, Connecticut, siku mbili, tulale usiku mmoja turudi. Naandika haya maoni kwasababu nilivyokuwa natafuta taarifa za huko kwa Kiswahili sikukuta kitu, na kuna jambo la kule linatuhusu sisi moja kwa moja ambalo mtu akienda bila kulijua atapita tu pembeni yake.

Kwanza mjue ni kajimbo kadogo kwelikweli. Kilomita za mraba kama 14,357 hivi, yaani karibu sawa na mkoa wa Kilimanjaro, na mkoa wa Tabora peke yake unaweza kumeza Connecticut tano na ikabaki nafasi ya kulima. Ni la tatu kwa udogo Marekani nzima baada ya Rhode Island na Delaware. Ila ndani humo wamejazana watu zaidi ya milioni tatu na nusu, miji 169 kila mmoja na halmashauri yake, na serikali za wilaya walishazifuta tangu 1960, wakaona za nini. Na hata sehemu ya juu kabisa ya jimbo sio kilele, ni ubavu wa mlima Frissell, maana kilele chenyewe kiko ng'ambo Massachusetts. Mama aliposikia hivyo akasema "masikini, hata mlima wameazima."

Siku ya kwanza tukaanzia Rocky Hill kwenye Dinosaur State Park, ni kama dakika 40 kutoka kwetu. Hapa kama una watoto usiruke. Mwaka 1966 dereva wa buldoza alikuwa anachimba msingi wa jengo la serikali, akapindua bamba la mwamba akakuta nyayo. Wakazidi kufunua wakakuta nyayo kama 2,000, za miaka milioni 200 iliyopita, jengo likahamishwa na pale pakafanywa hifadhi. Leo unaingia kwenye kuba kubwa, chini yako kuna sakafu ya mwamba yenye nyayo kama 500 za vidole vitatu vitatu, taa zimewekwa kwa ubavu ili kivuli kioneshe kina, na zilizobaki wamezifukia tena makusudi zisiharibike. Mie nikakumbuka Laetoli, kule nako nyayo za watu wa kale wa miaka milioni 3.6 zilifunikwa tena kuzilinda, na nikamueleza mama, akasema basi wana akili hawa. Kitu kilichonishangaza ni kwamba mifupa ya mnyama aliyeacha zile nyayo haijapatikana, kwahiyo jina Eubrontes ni jina la unyayo sio la mnyama, na huo unyayo ndo kisukuku rasmi cha jimbo tangu 1991. Nje kuna sehemu unaruhusiwa kutengeneza chapa ya plasta ukaondoka nayo nyumbani, ila plasta na mafuta ya kupikia unakuja navyo mwenyewe na ni miezi ya joto mpaka Oktoba tu, hilo niliambiwa nikiwa nimeshafika mikono mitupu, nyie msome mapema.

Kwenye njia ya msituni nyuma ya kuba ndo mama akamuona vunjajungu, mkubwa wa kijani, amekaa juu ya uzio mikono ameikunja. Nikamwambia mama huyo ndo mdudu wa taifa wa hapa, yaani alama rasmi ya jimbo, tangu 1977. Hakuamini. Sisi tulikua tunaambiwa ukimuua utavunja jungu, kule wamempa cheo, na ajabu zaidi ni kwamba huyo waliyemchagua asili yake ni Ulaya, ni mgeni kama sisi. Alama zao nyingine ndo hivyohivyo zina mambo. Mnyama wa jimbo ni nyangumi, na humuoni mtoni wala ufukweni, ni kwa kumbukumbu ya enzi ambazo miji ya pwani kama New London na Mystic ilikuwa inaishi kwa kuvua nyangumi. Meli ya jimbo ni nyambizi Nautilus, ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nyuklia, ilishushwa majini Groton 1954 na mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Na jina lao la utani sasa, hili mama alilipenda kuliko yote, wanaitwa watu wa kungumanga! Hakuna mkungumanga hata mmoja unaoota kwenye baridi ile. Inasimuliwa kwamba wachuuzi wao wa zamani walikuwa wanazunguka kuuza kungumanga za kuchonga kwa mti, mtu anafika nyumbani anaparuza anapata unga wa mbao. Wengine wanawatetea kwamba wanunuzi ndo hawakujua kungumanga inaparuzwa, walidhani inavunjwa kama karanga. Vyovyote iwavyo jina likakaa.

Tukavuka mto Connecticut kwa pantoni ya Rocky Hill. Naisifia hii kwa moyo wote, ni kivuko kilichoanza 1655 na hakijawahi kukoma, hakuna kingine Marekani kilichofanya kazi mfululizo muda mrefu hivyo, na bado ni kadogo, jahazi bapa linabeba magari matatu tu linavutwa na kaboti pembeni. Unavuka kwa dakika chache mno lakini mama alishuka kwenye gari akashika ukingo na kutazama maji kama anavuka ziwa.

Chakula cha mchana tulipata mkahawa mmoja wa njiani, jina naliweka kapuni, supu ilikuja imepoa baada ya dakika hamsini na tulipouliza dada wa pale akatujibu bila kutuangalia, mie niliumia kwasababu ya mama, mtu mzima amekaa anasubiri. Ila hapohapo kwenye chenji mama akapewa sarafu ya senti 25 yenye mti mkubwa umetandaza matawi, akaniuliza ni mbuyu? Ni mwaloni. Ndo alama yao kubwa kuliko zote, na historia yake ni hii: mwaka 1662 mfalme wa Uingereza aliwapa hati ya kujitawala, 1687 akaja gavana aliyetumwa na mfalme mwingine kuichukua ile hati, wakakaa kikao usiku Hartford hati iko mezani, ghafla mishumaa ikazimika yote, ilipowashwa tena hati haipo, jamaa anaitwa Joseph Wadsworth alishaichukua kaificha kwenye shimo la mwaloni. Inavyosimuliwa ndo hivyo. Mti ulianguka kwa dhoruba Agosti 1856, watu wakagombea mbao zake wakachonga viti, na kimoja kiko mpaka leo bungeni kwao. Mama akaifunga ile sarafu kwenye pindo la kanga. Alisema nyumbani Tabora ile miembe ya njia ya misafara nayo inasimulia, ila hakuna aliyeiweka kwenye hela.

Usiku tulilala New Haven. Piza ya pale jaribuni, wao wanaiita apizza na kuitamka kama "abiitsi", mgahawa wa Frank Pepe upo mtaa wa Wooster tangu 1925, jiko ni la makaa ya mawe, ukingo unatoka na weusi weusi na ndo inavyotakiwa. Sie tuliagiza ile nyeupe ya kombe wa baharini na vitunguu saumu, mie nampa alama zote, mama alikula vipande vitatu. Asubuhi tukapita kuangalia sanamu ya Sengbe Pieh pembeni ya ukumbi wa jiji, yule mtu wa kabila la Wamende wa Sierra Leone aliyeongoza wenzake kuiteka meli ya Amistad iliyokuwa imewabeba kama watumwa mwaka 1839, wakakamatwa, wakafungwa gerezani palepale ilipo sanamu, na mwaka 1841 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ni watu huru. Mama alisimama pale kimya muda mrefu. Sikumharakisha.

Haya sasa treni. Hii ndo safari yenyewe niliyomletea, Essex Steam Train, stesheni iko Essex, unapanda treni ya mvuke kwenda mpaka Deep River halafu unahamia kwenye boti mtoni na kurudi, jumla ni masaa mawili na nusu. Reli ni ya 1871, ilikufa, ikafufuliwa kwa ajili ya wageni mwaka 1971. Injini ni za kweli, zinapikwa makaa, na mojawapo ilitengenezwa China mwaka 1989, ukiambiwa hivyo utashangaa maana kwa kuitazama utadhani ni ya enzi za mkoloni. Mama amezaliwa Tabora, amekulia karibu na stesheni, njia panda ya reli ya Kigoma na ya Mwanza, babu alikuwa mtu wa reli. Injini ilipopiga honi ile ndefu akanishika mkono, akasema, "Sikia, sikia hiyo." Halafu moshi ukaja na harufu ya makaa ya mawe akavuta pumzi na kusema ndo harufu ya nguo za baba yake. Jamani nilikuwa nimelipia tiketi mbili za utalii, kumbe nimemnunulia mama utoto wake. Wafanyakazi walimheshimu sana, mzee mmoja wa pale mwenye kofia ya ukondakta alimshika mkono kupanda ngazi, na alipojua baba wa mama alikuwa mtu wa reli Afrika akampeleka kabla ya kuondoka akaone wanavyotia makaa kwa koleo. Mabehewa ni ya zamani, viti vinageuzwa, madirisha yanafunguka, ukikaa upande wa kulia wakati wa kwenda unaona mabwawa ya matete na mto. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, majani mekundu na ya njano mpaka macho yanauma.

Boti nayo nzuri, sehemu ya juu iko wazi, vaeni makoti. Mto Connecticut ni mrefu kilomita kama 660 unatokea mpakani na Kanada, na jambo la ajabu ni kwamba mdomoni kwake hakuna jiji wala bandari kubwa kama mito mingine mikubwa, sababu ni mafungu ya mchanga yaliyozuia meli kubwa, kwahiyo kingo zimebaki misitu na matete. Tuliona tai wa kichwa cheupe wawili. Kuna daraja la chuma la 1913 ambalo linazunguka kwa ubavu kupisha meli, pembeni yake ukumbi mweupe wa maigizo wa Goodspeed wa 1876, na juu kilimani ngome ya mawe ya Gillette. Huyo alikuwa muigizaji wa jukwaani, akajijengea ngome, ilikamilika 1919, ina milango 47 na hakuna miwili inayofanana, makufuli ya mbao kayabuni mwenyewe, na vioo kavitega ili aone wageni wa sebuleni akiwa chumbani. Hiyo ngome unaipita tu ukiwa mtoni, kuingia ndani ni safari nyingine. Na upande huohuo wa mto, kusini kidogo, kuna mji wa Lyme, ndo ule uliotoa jina la ugonjwa wa Lyme miaka ya 1970, unaletwa na kupe. Ukienda kutembea msituni chomekea suruali kwenye soksi, na jioni jikague.

Sasa lile nililosema linatuhusu. Kilomita chache kutoka stesheni ya Essex kuna kijiji kinaitwa Ivoryton. Mji wa pembe. Ivoryton na Deep River, vijiji viwili tu hivi vidogo, vilikuwa vinachonga sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizoingia Marekani, kwanza vitana, tangu Phineas Pratt alipobuni mashine ya kukata meno ya vitana mwaka 1799, halafu piano zilipokuwa kila sebule ya Mmarekani wakahamia kwenye vibao vya piano. Kampuni ya Pratt, Read ilikuwa Deep River na kampuni ya Comstock, Cheney ilikuwa Ivoryton. Na pembe zilitoka wapi? Zanzibar. Yule Cheney kabla ya kuwa tajiri wa Ivoryton alishaishi Zanzibar miaka kadhaa akinunua pembe. Zinatoka Manyema huko Kongo, Ujiji, Unyanyembe, zinabebwa mabegani miezi mpaka Bagamoyo, zinavushwa kwa jahazi kwenda Unguja, zinapakiwa meli ya Mmarekani. Sayyid Said alisaini mkataba wa biashara nao mwaka 1833 na balozi wao akafungua ofisi Unguja 1837. Wao walileta kitambaa cha pamba, kile ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani. Mie hilo neno nimelisikia maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wetu, wa kulipwa, wanaume waliojivunia ile kazi, kijana hajafika pwani hajawa mwanaume. Wengine kwenye msafara huohuo walikuwa watumwa ambao hawakuulizwa. Mama anasema babu wa bibi yake alifika Bagamoyo na kurudi, mara mbili, na bega lake moja lilikuwa limeshuka. Pembe ile ya mwanzo wa safari begani kwa mtu kama huyo, mwisho wa safari iko Connecticut inakatwa vipande vyembamba kama kadi, inaanikwa wiki kadhaa kwenye vibanda vya vioo, safu na safu kama bustani za maua, jua liipaushe iwe nyeupe.

Na kuna jambo sijaweza kuliweka sawa kichwani. Pale Deep River alikuwepo George Read, mmoja wa waanzilishi wa biashara hiyo ya pembe, na alikuwa mpinga utumwa wa kweli, nyumba yake ilificha watumwa waliotoroka kusini. Mmoja alitoroka South Carolina, akaitwa jina jipya la Billy Winters, akaishi hapo, na mtaa unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mtu huyohuyo mmoja. Mama aliposikia akasema, "Wa karibu alimuona, wa mbali hakumuona." Sina cha kuongeza.

Kiwanda cha Deep River kimegeuzwa makazi ya watu, unaona tofali nyekundu na madirisha marefu. Wakati wa Vita vya Pili kampuni ya Pratt, Read ilitengeneza ndege zisizo na injini za kubebea askari, maana piano hazikuhitajika. Kule Ivoryton ukumbi ambao kampuni iliwajengea wafanyakazi mwaka 1911 sasa ni jumba la maigizo na bado linafanya kazi. Hakuna geti wala tiketi, unapaki unatembea, saa moja inatosha, na kwangu mimi hiyo saa moja ilikuwa na thamani kuliko kila kitu tulicholipia.

Kabla ya kurudi tuliingia duka moja la vitu vya kale, mwenye duka mama wa makamo mkarimu sana, pembeni kulikuwa na piano ya zamani. Nikamuuliza ni pembe? Akatuonesha namna ya kujua: kila kibao cheupe kimefunikwa kwa vipande viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma, unauona mstari wa kiungio ukiinama, na ukiangalia kwa mwanga kuna mistari midogo kama ya mti. Plastiki haina hiyo. Akasema pia pembe ikikaa gizani inageuka njano, inataka mwanga, ndo maana piano ambazo watu walifunga mfuniko miaka na miaka zimekuwa kama meno ya mzee. Mama anaimba kwaya kanisani Tabora na anajua kinanda kidogo. Akaomba ruhusa, akakaa, hakupiga kwanza, aliweka viganja viwili tu juu ya vibao akatulia. Halafu akapiga pambio moja kwa mkono wa kulia, taratibu, baadhi ya sauti zilikuwa zimepotea kabisa zinatoa tu "tok". Alipomaliza akamuuliza mwenye duka, nikatafsiri, kama anaweza kuuacha mfuniko wazi. Yule mama akasema sawa, akauacha.

Kwa wanaotaka kwenda: boti inaishia Oktoba, tiketi za treni na boti nunueni mtandaoni mapema hasa msimu wa majani maana siku za Jumamosi zinaisha, mzee mwenye matatizo ya miguu waambieni wafanyakazi mkifika watawatangulizeni kupanda. Bei siandiki, zinabadilika. Ivoryton muende mchana.